Msiba Usio na Matanga

Jamii zetu zinajua kuomboleza. Mtu anapofariki, habari huenea kabla jua halijazama, mikeka hutandikwa, turubai hufungwa, wanawake hushika masufuria na wanaume hushika majembe. Majirani hulala kwa wafiwa, rambirambi huandikwa daftarini, hitima au misa husomwa, na siku ya arobaini watu hukutana tena. Hata aliyekuwa na ugomvi na marehemu hufika kutoa mkono wa pole. Utaratibu huu haumrudishi aliyeondoka, lakini unamthibitishia mfiwa kwamba kilichotokea ni kizito na kwamba hataachwa akibebe peke yake. Mimba ikitoka, au mtoto akizaliwa mfu, mara nyingi hakuna kati ya hayo linalofanyika. Mama hurudi kutoka hospitali jioni, kesho yake anachota maji, na wanaouliza wanaambiwa alikuwa na malaria. Hoja ya makala haya ni kwamba kumnyima mama huyo na mwenzake nafasi ya kuwa wafiwa hakuwapunguzii huzuni, bali huirefusha. Na kwamba dawa ya kwanza ya huzuni hiyo hatuhitaji kuiagiza mbali. Tunayo tayari katika desturi zetu za msiba, ilimradi tukubali kuitoa kwa kiasi kinacholingana na tukio na kwa ridhaa ya waliofikwa.

Tuanze na ukubwa wa jambo, kwa sababu ukimya umetufanya tulidhani ni nadra. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu kuharibika kwa mimba. Waandishi wake walikadiria kwamba duniani kote mimba zipatazo milioni 23 huharibika kila mwaka, sawa na mimba 44 kila dakika, na kwamba kati ya mimba ambazo mama tayari anajua anazo, takriban asilimia 15 huishia hivyo. Hapo hawajahesabiwa watoto wanaozaliwa wafu katika miezi ya mwisho. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha kwamba watoto karibu milioni 2 kwa mwaka huzaliwa wakiwa wamefariki baada ya wiki ya 28 ya ujauzito, na wengi mno kati yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Kwa hesabu hizi, ni vigumu kuupata ukoo mkubwa ambao jambo hili halijaufika. Shangazi anayemsikiliza mpwa wake akilia huenda naye alipitia hayo miaka 30 iliyopita na hakuwahi kumwambia mtu. Kwa hiyo mwanamke anayejiona wa pekee kijijini au mtaani kwake si wa pekee hata kidogo. Amezungukwa na waliofikwa kama yeye, ila kila mmoja amefunga mdomo.

Swali linalofuata ni iwapo huzuni hii ni nzito kiasi cha kuitwa msiba. Wapo wanaodhani kwa dhati kwamba mimba changa ikitoka ni tatizo la mwili tu: damu ikikauka, jambo limekwisha. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 650 waliopoteza mimba mapema, wengi wao kabla ya wiki ya 12, wakiwemo waliopata mimba nje ya kizazi. Mwezi mmoja baadaye, asilimia 29 walikuwa na dalili za kiwewe, yaani ndoto za kutisha, kumbukumbu zinazovamia bila kuitwa na kukwepa kila kinachokumbusha tukio. Asilimia 24 walikuwa na wasiwasi wa kiwango cha kati au kikali, na asilimia 11 walikuwa na sonona ya kiwango hicho hicho. Miezi tisa baada ya tukio, asilimia 18 bado walikuwa na dalili za kiwewe. Takwimu hizi zinatufundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, uzito wa huzuni haupimwi kwa idadi ya wiki za mimba. Pili, wanawake wengi hawakufikia hali hizo za ugonjwa, hivyo hatupaswi kumchukulia kila aliyepoteza mimba kuwa mgonjwa wa akili. Mfiwa si mgonjwa, ila ni mtu anayehitaji watu.

Kwa nini huzuni hii iume hivyo kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona? Kwa sababu mzazi huanza kuishi na mtoto kabla mtoto hajazaliwa. Kadi ya kliniki imefunguliwa, tarehe ya kujifungua imeandikwa, jina la babu au bibi limeshatajwa kwa siri chumbani, kanga kuukuu zimeanza kuwekwa kando kwa ajili ya nepi. Mimba inapotoka, maisha yote yaliyokwisha kupangwa hutoweka kwa siku moja, na mwili hauna habari kwamba yametoweka. Damu huendelea siku kadhaa, vichocheo vya ujauzito huchukua wiki kuisha, na ikiwa mimba ilikuwa kubwa, maziwa hujaa siku chache baadaye bila wa kunyonya. Anayefiwa na mtu mzima ana picha, nguo, sauti na visa vya kusimulia, na ana watu wengine waliomjua marehemu. Mama huyu mara nyingi hana kaburi wala picha, na alikuwa peke yake katika kumjua huyo aliyempoteza. Mwaka 1989 msomi wa Marekani Kenneth Doka alieleza aina ya huzuni ambayo jamii haiitambui, haiitangazi na haiipi nafasi ya kuombolezwa hadharani, akaonyesha kwamba huzuni ya namna hiyo ni ngumu zaidi kubeba kwa sababu mwenye nayo hukosa msaada ambao wafiwa wengine huupata bila kuuomba. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hawakukusudia kwamba wengine wote wageuze uso.

Juu ya huzuni hupanda hatia. Mama hurudia siku zake moja moja: ile ndoo ya maji aliyoibeba, safari ya bodaboda, ugomvi na wifi, tendo la ndoa, chakula alichokula, hata wivu alioufikiria moyoni. Kama hajilaumu mwenyewe, wapo watakaomsaidia kujilaumu. Hapa sayansi ina faraja ya kweli, nayo isemwe waziwazi kwenye kila kliniki. Takriban nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza hutoka kwa sababu ya kasoro katika kromosomu, yaani maelekezo ya uumbaji yaliyomo ndani ya chembe, na kasoro hizo kwa kawaida hutokea kwa bahati wakati mimba inatungwa. Kazi za kawaida za nyumbani, mwendo wa daladala au hasira ya siku moja havitoi mimba iliyo salama. Jambo hili linahitaji kurudiwa hasa pale penye shaka ya sheria. Tanzania, kwa mfano, inakataza utoaji mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, na hali hiyo huweza kumfanya mwanamke anayefika hospitali akivuja damu atazamwe kama mtuhumiwa kabla hajatazamwa kama mgonjwa. Swali la kejeli kutoka kwa mhudumu siku hiyo linaweza kukaa moyoni mwake muda mrefu kuliko maumivu yenyewe.

Faraja hiyo lakini isitumike kufunika lisilofunikika. Mtoto anayefariki katika miezi ya mwisho ni jambo jingine. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa wafu Afrika kusini mwa Sahara hufariki wakati uchungu wa kuzaa umekwisha kuanza, yaani walikuwa hai mama alipoanza safari ya kwenda kujifungua. Uchungu uliokwama, shinikizo la damu, malaria na kaswende ni miongoni mwa visababishi, na vingi vinaweza kuzuiwa au kutibiwa. Kaswende hutibika kwa sindano ya penisilini. Kumwambia mzazi wa mtoto huyo kwamba ni mapenzi ya Mungu, kisha kumfungia faili, ni kumdhulumu mara mbili. Imani yake katika kudra haimwondolei haki ya kuelezwa kilichotokea. Maelezo ya kweli, kwa lugha anayoielewa, ni sehemu ya pole, kwa sababu huzuni isiyo na maelezo hujitafutia mchawi. Na mchawi huyo mara nyingi hupatikana katika mama mwenyewe, mama mkwe wake au mke mwenzake.

Sasa tuwasikilize wanaotetea ukimya, maana hoja yao si ya kijinga. Utafiti uliofanywa kusini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanawake wengi huficha kupoteza mimba kwa makusudi, hata kwa watafiti, kiasi kwamba takwimu zenyewe hupotoka. Wanahofu uchawi, wanahofu umbeya, wanahofu kuonekana kizazi chao kina kasoro na ndoa kuyumba. Kwa mwanamke ambaye thamani yake nyumbani hupimwa kwa watoto, kunyamaza ni ngao, na mtu asinyang'anywe ngao kabla hatari haijaondoka. Hoja hii ni kweli, lakini inathibitisha kwamba jamii ni hatari kwa mama, wala haithibitishi kwamba ukimya unamponya. Tofauti ipo kati ya siri, ambayo mwenyewe huchagua nani aijue, na kunyamazishwa, ambako wengine humwamulia. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015 kutoka vijiji vya mashariki mwa Uganda, ulieleza wazazi wa watoto waliozaliwa wafu wanaolia kimyakimya katikati ya majirani. Hao hawakuchagua siri, bali walikosa pa kulilia. Kwa hiyo ninachodai si kwamba kila mimba iliyotoka itangazwe kwa kipaza sauti. Ninadai kwamba mama awe na angalau watu wawili au watatu wanaojua, wanaoamini kwamba amefiwa, na wasiomhukumu.

Hoja ya pili inatoka katika dini: kwamba mimba changa haina hukumu za maiti kamili, basi haina msiba, na kwamba subira hutaka mtu anyamaze. Ni kweli sheria za dini huweka mipaka. Katika fiqhi ya Kiislamu miezi minne, yaani siku 120, ni mpaka muhimu, na wanavyuoni wengi huelekeza kwamba mtoto aliyetoka baada ya hapo aoshwe, avikwe sanda na azikwe, huku wakitofautiana kuhusu kumswalia iwapo hakuonyesha dalili ya uhai. Lakini hukumu za mazishi zinahusu mwili wa aliyeondoka. Pole inahusu moyo wa aliyebaki, na huo haujawekewa idadi ya siku. Wala subira haijawahi kuwa marufuku ya machozi. Mtume Muhammad mwenyewe alibubujikwa na machozi alipofiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim, na hakuna Muislamu anayesema alikosa subira. Kwa Wakristo, Raheli wa kitabu cha Yeremia anawalilia watoto wake wala hataki kufarijiwa, na maandiko hayamkemei. Imamu au mchungaji anayekwenda nyumbani kwa wazazi hawa kuomba dua fupi havunji sheria yoyote. Anatimiza wajibu ambao angeutimiza kwa mfiwa mwingine yeyote.

Hoja ya tatu ni ya wataalamu, nayo ndiyo inayohitaji unyenyekevu zaidi: je, kuzungumza kunasaidia kweli, au kunatonesha kidonda? Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2012 yalikusanya majaribio 6 ya ushauri nasaha baada ya mimba kuharibika, yakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kusema unasaidia. Mwaka 2002 utafiti mmoja wa Uingereza ulikuta kwamba akina mama waliomshika mtoto wao aliyezaliwa mfu walikuwa na sonona zaidi kuliko ambao hawakumwona, ilhali tafiti za baadaye, zikiwemo za Sweden, zilikuta wazazi wengi waliomwona na kumshika hawakujuta. Matokeo haya hayagongani na hoja yangu, yanaipa mipaka. Yanatukataza kuwalazimisha watu. Mama asilazimishwe kumwona mtoto, wala asizuiwe. Asilazimishwe kutoa jina, wala asichekwe akilitoa. Wapo pia ambao hawatahuzunika sana, na wapo watakaopata nafuu kwa sababu mimba ilikuja wakati mgumu. Hao nao wasitafutiwe machozi. Tukumbuke pia kwamba majaribio yale yalipima vikao vya ushauri vilivyopangwa. Hayakupima hali ya mwanamke ambaye hata jirani yake hajamwambia pole. Pole si tiba inayosubiri kuthibitishwa maabara. Ni haki ya ujirani.

Basi pole hiyo itolewe vipi? Kwanza kwa maneno machache: pole sana kwa msiba, nimesikia, nipo, unataka kuzungumza au nikae tu? Kama walimpa mtoto jina, liitwe. Yapo maneno ambayo husemwa kwa nia njema na huumiza: wewe bado kijana utapata mwingine, afadhali imetoka mapema, shukuru unao wengine. Yote matatu humwambia mama kwamba aliyempoteza anaweza kufidiwa, na hakuna mfiwa mwingine tunayemwambia hivyo. Hatumwambii mjane siku ya mazishi kwamba wanaume bado wapo. Pili kwa mikono: sufuria ya uji, ndoo ya maji, nguo za watoto kufuliwa, siku kadhaa za kupumzika bila kuulizwa kwa nini hajafagia uwanja. Tatu kwa kumbukumbu: arobaini ikifika, na tarehe aliyotarajia kujifungua ikifika, mtu mmoja ampigie simu, maana siku hizo hurudi na uzito wake wakati wengine wote wameshasahau. Na baba asiachwe nje. Katika utafiti ule wa London na Leuven, wenzi nao walichunguzwa, na asilimia 7 walikuwa na dalili za kiwewe mwezi mmoja baadaye. Baba ndiye anayetumwa kulipa bili, na mara nyingi ndiye anayebeba kifurushi kidogo kwenda kukizika, kisha anaambiwa ajikaze. Aambiwe pole naye, kwa jina lake.

Upole huu usicheleweshe matibabu. Mama anayelowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, anayepata homa, maumivu makali au uchafu wenye harufu mbaya apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu mabaki ndani ya kizazi huweza kuua. Na asiyelala, asiyekula, asiyeweza kufanya lolote kwa zaidi ya wiki mbili, au anayesema afadhali afe, naye apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Si lazima kila msaada utoke kwa daktari bingwa. Nchini Zimbabwe, mpango wa benchi la urafiki ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda uliwafunza mabibi wa kawaida kuwasikiliza wenye sonona, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili zilipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Nairobi, shirika la Still A Mum lililoanzishwa na Wanjiru Kihusa huwakutanisha wazazi waliopoteza mimba au watoto wachanga ili wasikilizane. Mifano hii inatoka kwetu, na nguvu yake kubwa ni watu wanaojua kusikiliza.

Atakayesema hospitali zetu zimeelemewa, na waajiri hawana uwezo wa huruma ya namna hii, ajibiwe kwa mambo yaliyo karibu. Kumhamisha mama aliyezaa mfu kutoka kitanda kilicho kati ya wanaonyonyesha, au kuvuta pazia pale ambapo hakuna chumba, hakuhitaji bajeti mpya. Kumuuliza angependa mwili ufanyweje kabla haujaondolewa hakuchukui dakika tano. Kuhusu kazi, jirani yetu Uganda, katika sheria yake ya ajira ya mwaka 2006, imeandika kwamba sehemu ya likizo ya uzazi, angalau wiki 4, ifuate kujifungua au kuharibika kwa mimba. India hutoa wiki 6, na New Zealand iliongeza siku 3 za maombolezo mwaka 2021 kwa wazazi wote wawili. Nchi hizi hazifanani kwa utajiri. Zimefanana tu kwa kukubali kwamba tukio hili lipo. Sheria nzuri zaidi, hata hivyo, haitaingia chumbani kwa mama usiku. Atakayeingia ni shangazi, bibi, somo au kungwi. Hao wamekabidhiwa tangu zamani kazi ya kuwafunda wasichana kuhusu mwili, ndoa na uzazi, na hao ndio wenye mamlaka ya kuongeza somo hili: kwamba mimba hutoka bila kosa la mtu, kwamba anayeipoteza ni mfiwa, na kwamba mfiwa huendewa. Somo hilo likisemwa na mwanamke mzee ambaye naye yamewahi kumfika, hakuna kampeni ya serikali wala makala ya gazeti itakayolishinda.